Kuku Juu ya Kabro

Lori liliingia kinyumenyume hadi katikati ya uwanja wetu asubuhi, kabla sijamaliza chai, likamwaga matofali ya kabro, yale ya saruji ya kutandika uwanjani, mahali palepale kuku wangu walipokuwa wakichakura. Walitawanyika wakipiga kelele. Mmoja aliruka akatua juu ya cherehani yangu, akakanyaga gauni jeupe la komunio nililokuwa nimelimaliza jana yake. Dereva alicheka. Mimi sikucheka, na hata leo nikiikumbuka asubuhi ile nahisi shingo ikipata joto.

Hakuna aliyekuwa ametuambia lolote. Sisi wapangaji tulikuwa tunatazamana tu milangoni, kila mmoja na kikombe chake.

Ploti hiyo ya vyumba vya kupanga iko Isiolo mjini, upande ambao nyumba zinaanza kupungua na maboma ya mbuzi yanaanza. Nilipanga chumba pale tangu mwanangu wa mwisho akiwa mgongoni mpaka akaolewa. Mwenye ploti wa wakati huo alikuwa mama mmoja mjane aliyeishi chumba cha mbele. Ndiye aliyeniruhusu kufuga. Kuku wa kwanza aliletwa na shangazi yangu kutoka Gotu, amefungwa miguu kwa kipande cha leso, na nilipokwenda kuomba ruhusa yule mama alinitazama kama ninayeomba ruhusa ya kupumua. "Uwanja huu una wadudu wa kulisha kuku wa kijiji kizima," alisema. "Wewe wafungulie tu." Alipofariki, ploti ikawa ya mwanawe, mtu wa Nairobi, ambaye alikuwa akija mara moja moja na viatu vyeupe. Nilimwita mzee, ingawa ningeweza kumzaa, kwa sababu ndivyo mpangaji anavyomwita mwenye nyumba.

Cherehani yangu nilikuwa naiweka kwenye kibaraza, mlangoni, kwa kuwa chumbani mwanga ulikuwa hautoshi. Mtu anayeshona mlangoni miaka yote hiyo hawezi kukosa kuwajua kuku wake. Na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Watu husema kuku wa kienyeji hula takataka. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa chini wakamtazama kuku kwa utulivu hata asubuhi moja.

Wangu walitoka bandani kabla jua halijagusa ukuta. Hawakukimbilia jaa. Walianza chini ya mgunga uliokuwa kona ya uwanja, ambapo mchwa hujenga vijia vya udongo juu ya majani makavu na vipande vya kuni. Saa hizo mchwa bado wako juu. Jua likishika wanashuka ardhini, na kuku walilijua hilo vizuri kuliko mimi. Baada ya mgunga walikwenda kwenye bomba, mahali maji ya kufulia yanapotiririka, wakapekua udongo mbichi na kuokota vitu vyembamba ambavyo jicho langu halikuviona. Kisha wakapita nyuma ya choo kutafuta funza, na huko sikuwafuata. Walikula majani machanga ya mchicha mwitu, mbegu za nyasi, vijiwe vidogo vya kusagia chakula tumboni, na maganda ya mayai yao wenyewe nikiyaponda.

Mchana walikuwa na kituo kingine. Jirani yangu wa mlango wa pili aliuza miraa, na gari la kutoka milimani likifika alikuwa akifungulia pale uwanjani mafurushi yake yaliyofungwa kwa majani ya mgomba. Kuku walisikia majani hayo yakichanwa wakaja mbio. Hawakuitaka miraa. Walitaka buibui na mende wadogo waliosafiri ndani ya majani yale kutoka mashambani, na walipomaliza jani moja walilipindua kwa mguu kuangalia upande wa pili. Jirani alikuwa akicheka mpaka anashika kiuno. "Hawa wanakagua mzigo wangu," alikuwa akisema.

Kuku mmoja mwekundu, mwenye kishungi kilichokatika, aliwahi kumtoa nge chini ya jiwe la kufulia. Nilikuwa nashona shati la shule, nikaacha kukanyaga cherehani. Alimshika nge, akambwaga, akamwachia na kurudi nyuma, akamshika tena, mpaka mkia ukaanguka kando. Hapo akawaita vifaranga wake kwa ile sauti ya haraka haraka. Yeye mwenyewe hakuonja. Aliwamegea, akasimama anatazama pembeni kama mama anayegawa chakula na kusema ameshashiba.

Mayai yao yalikuwa na kiini cha rangi ya chungwa bivu. Nilikuwa nayagawa. Jirani wa miraa alikula, mwalimu wa chumba cha mwisho alikula, na alipougua nilimchemshia supu ya jogoo mdogo nikampelekea kwa bakuli langu. Sisemi haya ili nisifiwe. Nayasema kwa sababu ya yaliyofuata.

Mwenye ploti alifika siku ya lori, jua likiwa limepanda. Nilikwenda kumsalimu.

"Mama, tunasafisha ploti," aliniambia. "Vumbi limezidi. Wapangaji wa siku hizi wanataka kabro."

"Na kuku, mzee?"

"Kuku gani?"

Walikuwa wanapita katikati ya miguu yake.

Nilimwomba aache ukanda mwembamba kando ya ua, upana wa mkeka tu, usiwekwe kitu. Alisema ataangalia. Fundi wa kabro alikuwa mtu mpole, na nilipomwonyesha kwa kidole ukanda ninaoutaka, aliuacha. Alifanya kazi yake vizuri sana, siwezi kumlaumu. Alipima kwa uzi, akapanga kabro nyekundu na kijivu. Lakini kabla ya hapo walikata mgunga. Mwenye ploti alisema majani yake yatachafua kazi. Mti uliokuwa pale kabla ya nyumba ulianguka kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, na mizizi ilipong'olewa kuku walishuka wote kwenye lile shimo wakala mchwa kwa pupa. Nilikuwa nawatazama huku nimekunja mikono. Walidhani wameletewa karamu.

Siku ya kukabidhiwa kazi, mwenye ploti alizunguka na simu akipiga picha. Alipofika kwenye ukanda wangu alisimama. "Hapa mbona mmeacha pengo kama la jino?" Fundi alinitazama. Mimi nikasema ni mimi niliyeomba. Mwenye ploti alinipa mgongo. Alimwambia fundi, "Mwaga zege," na zege likamwagwa nikiwa nimesimama pale na makasi mkononi. Ni jambo dogo, najua. Ukanda wa upana wa mkeka. Lakini alikuwa amesema ataangalia, na mtu mzima anapokuambia ataangalia, unaamini kwamba atakuangalia na wewe.

Asubuhi ya kwanza juu ya kabro kuku walitoka bandani kama kawaida. Kuku hachakuri huku anatazama. Anapiga mguu mmoja, anapiga wa pili, anarudi nyuma hatua, ndipo anainama kuangalia kilichofunuliwa. Walipiga, wakarudi nyuma, wakainama. Hakukuwa na kitu. Wakapiga tena. Nilisikia kucha zikikwaruza mawe mpaka adhuhuri, na mshono wangu ukaenda kombo mara nyingi. Kuku wangu mmoja mweusi alitoka damu kidoleni. Jogoo aliokota kijiti, akaita wenzake kwa sauti ya kuwaita chakulani, wakaja, wakakuta ni kijiti. Wakasimama kumzunguka. Sijui kama kuku anaona aibu, lakini mimi niliiona kwa niaba yake.

Kufikia siku ya tatu walikuwa wamegundua kwamba sisimizi wanapita kwenye ule mchanga uliojazwa kati ya kabro na kabro. Wakaanza kuuchimbua kwa midomo. Walifanya kwa ustadi, mstari kwa mstari, na baada ya wiki mbili baadhi ya kabro zilikuwa zinacheza ukizikanyaga. Mwenye ploti alinipigia simu. Sikujua nani alimwambia.

"Mama, hao kuku wanaharibu kabro."

"Wanatafuta chakula, mzee."

"Si uwanunulie chakula cha duka."

Nikanunua. Niliwawekea kwenye sufuria kuukuu, na walikula. Kisha wakasimama. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Jua halijafika hata juu ya paa, kuku ameshiba, na siku nzima iko mbele yake bila la kufanya. Wakaanza kudonoana. Mmoja mwenye shingo isiyo na manyoya alinyofolewa manyoya ya mkia mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kabla ya hapo hawakuwahi kupigana zaidi ya kusukumana. Kuku hachakuri kwa njaa peke yake. Ile ndiyo kazi yake, kama mimi na cherehani, na ukimnyang'anya mtu kazi kisha ukamletea sahani ya chakula, bado umemnyang'anya.

Ni yule mwekundu aliyepata njia. Nyuma ya choo, bati la ua lilikuwa limekunjika pembeni, na upande wa pili aliishi bibi mmoja Mborana na mbuzi wake. Nilimwita akko, kama wajukuu zake wanavyomwita. Tulikuwa tumejuana kwa kusalimiana juu ya ua. Asubuhi moja nilisikia sauti yake.

"Salaam aleikum, fundi."

"Aleikum salaam, akko. Habari ya asubuhi?"

"Kuku yako imeingia kwa mbuzi."

"Pole sana akko, nitawafunga."

"Nani amesema ufunge? Imetoa kupe kwa sikio ya mbuzi. Mbuzi imelala tu, imefurahi. Njoo uone."

Nilizunguka kwa barabara nikaenda kuona. Mbuzi jike alikuwa amelala ubavu, shingo ameinyoosha, na kuku wangu mwekundu anatembea kando yake akichungulia sikioni, kwenye kwapa, chini ya mkia. Alikuwa akidonoa taratibu, bila kumuumiza. Wengine walikuwa wanapindua samadi kavu na kutoa wadudu chini yake, na vifaranga walikuwa wanafukuzana na panzi kwenye miiba ya boma. Niliketi juu ya dumu la maji. Nilikuwa sijawaona wakikimbia tangu siku ya lori.

Akko mwenyewe hali kuku. Aliniambia katika utoto wake kuku alihesabiwa kama ndege tu, na nani atakaa kusubiri ndege achemke wakati kuna maziwa. Lakini wajukuu zake walikula mayai, na kupe walipungua, na basi kila asubuhi kuku wangu walipita kwenye lile pengo kwenda kazini na jioni wakarudi kulala kwangu. Tungeweza kuishi hivyo miaka.

Jumamosi moja nilikwenda sokoni kununua nyuzi. Niliporudi, bati lilikuwa limepigiliwa misumari, na jipya limeongezwa juu yake. Upande wa pili vifaranga walikuwa wanalia kwa sababu saa ya kulala ilikuwa imefika. Kuku mwekundu alikuwa anatembea kando ya bati, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Nilizunguka na kikapu kuwachukua.

Kesho yake, baada ya kanisa, mwenye ploti aliwaita wapangaji wote uwanjani. Tulisimama juu ya kabro tukiwa bado na nguo za ibada. Alisema ploti hii sasa ina hadhi. Alisema kuku ni wachafu, kwamba huwezi kuweka kabro kisha ukaweka na kinyesi juu yake. Alisema mwenye kuku achague, kuku au chumba.

"Mama yako ndiye aliniruhusu," nilimwambia. "Alisimama hapo ulipo."

"Mama yangu hayuko," akasema.

Aliyasema kwa upole. Nikawageukia wenzangu. Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu, hata aseme neno la katikati, kwamba labda tutafute njia. Mwalimu alikuwa anaangalia simu yake. Jirani wa miraa akarekebisha kitambaa chake kichwani, akasema, "Kabro ni safi, tusidanganyane. Nguo ikianguka kutoka kwenye kamba huifui tena." Wengine wakaitikia. Nikafikiria mayai yote yale, na bakuli langu la supu, nikaingia ndani nikafunga mlango kwa sababu sikutaka wanione.

Jioni niliwabeba kuku kwa akko, wawili wawili, nikishika mabawa. Akko aliwafungulia kona ya banda la mbuzi. Lakini kuku hulala alipozoea, na siku zilizofuata, giza likianza kuingia, walikuwa wanakusanyika kwenye lile bati wakiangalia juu, mpaka mmoja wa wajukuu awachukue. Mimi nilikuwa upande wangu nawasikia. Kulikuwa na bati moja tu katikati yetu.

Jirani wa miraa alikuja kibarazani siku chache baadaye. Alisimama kwanza, kisha akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Umenikasirikia."

"Ndiyo."

"Ningesema nini? Mimi pia ni mpangaji."

"Ungesema umekula mayai yao."

Alichezea kipande cha kitambaa nilichokata. "Ningesema hivyo angetufukuza sote wawili."

"Basi tungehama wawili."

Sikumpa nafasi ya kujibu. Nilikanyaga cherehani mpaka akaondoka. Nilijua anaogopa. Kila mpangaji anaogopa. Bado nilikasirika, kwa sababu hakuna aliyemwomba aisifu kabro. Angenyamaza tu kama mwalimu.

Nilihama mwezi huo. Kwa akko kulikuwa na chumba cha udongo ambacho mwanawe alikijenga kabla ya kwenda na mifugo Korbesa, na kilikuwa kimekaa wazi. Hakina bomba, maji nanunua kwa mkokoteni. Nilipomrudishia mwenye ploti funguo aliuliza, "Unahama kwa sababu ya kuku?" Nikamwambia ndiyo, kwa sababu ya kuku. Alitabasamu, na habari ikazunguka. Sokoni wanawake ninaowashonea walinitania, eti fundi amekwenda kukaa kwenye udongo na kuku wake. Nilicheka nao kwa nje. Ndani sikucheka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mtu anayekaa Nairobi aamue kwamba udongo wa Isiolo ni uchafu, sisi ambao tumezaliwa juu yake, tumelala juu yake na tutazikwa ndani yake.

Wala sitadanganya kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Boma la akko ni peupe. Kule ploti, mgunga ungekuwepo, kuku wangekuwa na pa kujificha, lakini mwezi wa kwanza tu mwewe alimchukua yule mweusi mchana kweupe, nami nikipiga kelele na kurusha kiatu. Huyo naye namdai yule kijana wa viatu vyeupe. Akko aliniambia niache, mwewe ni wa Mungu. Nikamwambia mwewe namsamehe.

Mvua ilipokuja mwishowe ilinyesha mchana kutwa, ikakatika jioni, giza likikaribia. Kumbikumbi wakatoka. Walitoka kwenye kila ufa wa ardhi ya boma, wakipanda hewani kama moshi, na kuku waliingiwa na wazimu. Walikuwa wanaruka, wanaanguka, wanagongana. Jogoo alisahau kuita wake zake. Vifaranga, ambao sasa walikuwa wakubwa, walisimama juu ya shimo moja wakameza kila kilichotoka mpaka vifuko vya shingo vikavimba upande mmoja. Mbuzi walisogea pembeni wakiwatazama. Akko alikuwa mlangoni amejifunika shuka kichwani, anacheka bila sauti.

Upande wa pili wa bati nikasikia ufagio. Niliburuta dumu nikapanda juu yake kuangalia. Maji yalikuwa yamesimama juu ya kabro, na kumbikumbi waliofuata mwanga wa taa ya kibarazani walikuwa wameanguka ndani yake, maelfu, mabawa yakielea. Jirani wa miraa alikuwa anawafagia. Alikuwa amekunja sketi, miguu mitupu, anawasukuma kuelekea mlango wa nje, na maji yanawarudisha. Aliinua kichwa akaniona.

Aliingia ndani, akatoka na ndoo, akawazoa kwa mikono na kuwajaza. Akaja mpaka kwenye bati na kuinyanyua ile ndoo juu ya kichwa. Ilikuwa nzito, na mimi nilichelewa kidogo kuipokea, kwa makusudi, na najua alielewa kwamba ni kwa makusudi.

Kisha nikaipokea.

"Ndoo nitairudisha kesho," nikamwambia.

"Haina haraka," akasema, akarudi kwenye ufagio wake.

Niliimwaga katikati ya boma, na kuku wakaja wote kwa mbio.